Karatasi ya Wageni

Jumapili, 6 Oktoba

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, walio karibu na walio mbali, kwamba kuanzia leo daftari hili la vipimo vya miguu ya wateja limepandishwa cheo. Kurasa za mbele zitabaki za soli na visigino. Kurasa za nyuma ni za kisasi. Mwenye pingamizi alitoe sasa au anyamaze milele.

Hakuna aliyepinga. Dada yuko jikoni anasugua sufuria, na paka hana kura.

Natangazia humu kwa sababu kanisani sitangazi tena. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili baada ya mahubiri, nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kusoma matangazo ya wiki: nani mgonjwa, nani kafiwa, akina mama wakutane lini, vijana waache kuegemea ukuta uliopakwa rangi. Dakika saba. Watu waliokuwa wamesinzia kwenye mahubiri walikuwa wanaamka kunisikiliza mimi. Si sifa, ni hesabu ya macho.

Kisha Jumapili iliyopita nikachukua karatasi ya wiki iliyotangulia. Nilisoma nusu yake bila mtu kugundua, na hilo lilipaswa kuwa utetezi wangu. Nikafika kwenye ndoa, nikauliza kama kuna mwenye pingamizi, na ndoa yenyewe ilikuwa imefungwa jana yake. Bwana harusi alinyanyua kichwa kama mtu aliyepewa nafasi ya pili. Mkewe aliona.

Leo Mwalimu Mstaafu, mzee wa kanisa, amesimama mahali pangu. Akasema tumshukuru Fundi kwa kutushonea matangazo muda wote huu, ila sasa baraza limeona yasomwe na mtu aliyesoma. Watu wakacheka. Mimi nipo benchi la mwisho karibu na mlango, nimevaa tai.

Huyu Mwalimu hupenda kusema kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Muongo. Alinifundisha kuchonga penseli, darasa la tatu, kisha nikaacha shule. Kusoma nilijifunza dukani, kwenye magazeti ya zamani tunayojaza ndani ya viatu visipoteze umbo. Mpaka leo habari nyingi nazijua mwanzo tu, kwa sababu mwisho wake ulikuwa kwenye kiatu cha pili na mwenyewe alikuja kukichukua.

Baraza litakaa tena mwisho wa Novemba kuthibitisha watumishi wa mwaka ujao. Nina wiki nane. Nataka mahali pangu, na nataka yeye atoke hapo kwa aibu. Hayo mawili, kwa mpangilio wowote.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Viatu sita na mwavuli. Mwavuli nimeukataa.

Jumapili, 13 Oktoba

Mungu hana haraka ila akitoa anatoa. Mchungaji wetu mpya, ambaye bado ndevu zake zinajadiliana kama ziote au zisiote, ameniita baada ya ibada. Amesikitika kwamba wale mume na mke waliokuja mwezi uliopita hawakurudi. Nikamwambia sababu naijua: walikaa benchi la tatu kulia, ambalo ni la Mama Kwaya tangu kanisa halijawa na dari. Wakahamishwa. Wakakaa la tano, ambalo ni la marehemu mumewe. Wakahamishwa. Mara ya tatu walijihamisha wenyewe, mpaka nyumbani kwao.

Mchungaji akafikiri. Akasema anataka karatasi ya kumpa mgeni mlangoni, imweleze ibada yetu inakwendaje, aketi wapi, asimame lini, atarajie nini. "Wewe unakaa nyuma, unaona yote," akaniambia. "Na mwandiko wako unasomeka. Niandikie, Fundi."

Nilishukuru kwa unyenyekevu kiasi kwamba nilijishuku mwenyewe. Mtu kanikabidhi kisu, na kanishikisha mpini.

Mwalimu amesoma kwa dakika ishirini na sita.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeanza, kati ya kisigino na kisigino:

"Ndugu mgeni, karibu. Kengele ya kwanza hupigwa ili watu wajue kuna kengele ya pili. Ya pili ikipigwa, wenyeji huanza kutafuta viatu. Usiwahi sana, utaonekana una shida. Keti benchi lolote lenye vumbi. Lisilo na vumbi lina mwenyewe."

Na: "Mgeni ataombwa asimame, aseme jina lake na atokako. Akisema kwa sauti ndogo ataombwa arudie. Akisema kwa sauti kubwa ataombwa ajiunge na kwaya."

Nimemsomea Dada. Yeye ni sauti ya pili kwaya, na ni mkubwa wangu kwa miaka minne ambayo hajawahi kuisahau. Akauliza hii ni karatasi ya wageni au ya polisi. Lakini alicheka puani, na Dada akicheka puani jambo limemwingia.

Sehemu ya matangazo sijaigusa. Nyama nzuri hailiwi ya kwanza.

Jumapili, 20 Oktoba

Benchi la nyuma lina faida yake. Kanisa likipiga magoti kwa maungamo, mimi naona soli. Mtu anaweza kuificha dhambi, soli haifichi. Mweka maua anakanyagia ndani, Mama Kwaya kwa kisigino, kama anaua kitu. Ya Mwalimu imetoboka chini ya kidole gumba cha kulia, na ndani ya tundu nimeona karatasi ya kalenda.

Mtu mwenye karatasi ya kalenda kiatuni lazima atakuja kwa fundi. Na upande huu wa barabara fundi ni mimi.

Matangazo: dakika thelathini na moja. Alisoma habari ya mkutano wa akina mama, akasita, akaisoma tena tangu mwanzo. Akina mama wakadhani ni mikutano miwili.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekuja. Nikamwamkia shikamoo, maana umri ni umri, hata adui yako ukimkuta kaota mvi unampa. Akaitika marahaba akaweka viatu mezani, akasema anataka soli nzima, na kazi iwe ya kudumu kwa sababu yeye siku hizi anasimama mbele za watu.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nikamwambia aje Ijumaa.

Haya nayaandika kwa ajili ya ukweli, si kwa kujisifu. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kuharibu kiatu cha mtu, hata cha yule aliyenikimbizia mbwa. Na hiki sikukiharibu. Soli ni ngozi halisi, uzi umepakwa nta, haitatoboka leo wala kesho. Isipokuwa katikati ya soli na sakafu ya ndani nimeweka vipande viwili vya ngozi kavu bila gundi, kimoja juu ya kingine. Kila fundi anajua maana yake. Ukikanyaga, vinasuguana, na kiatu kinalia. Kwa kawaida tunaweka unga wa chaki kuzuia. Chaki ilikuwepo mezani. Niliitazama tu.

Kutoka benchi la wazee mpaka mbele ni hatua kumi na nne. Nimezipima mwenyewe, miaka kumi na mmoja.

Jumapili, 27 Oktoba

Mahubiri yakaisha. Kimya. Mwalimu akainuka.

Kiatu kililia kama mlango wa ghala. Hatua ya kwanza watoto wakageuka. Ya tatu, Dada akainamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Kufika ya saba mpiga kinanda alikuwa anauma kitambaa. Mimi nilikunja mikono nikatazama dari kama mtu anayetafakari umilele.

Kumbe Mwalimu alikuwa amenyoosha mgongo. Alipofika mbele alisimama, akageuka taratibu mguu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukasikika, kisha akaanza kusoma kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu darasa la tatu.

Baada ya ibada alinifuata mpaka nje, kwirukwiru, kwirukwiru, akanishika bega mbele ya watu. Akasema tangu alipostaafu hajavaa kiatu chenye sauti kama hiyo, na kwamba enzi zao kiatu kilichokuwa kinalia ndicho kilichokuwa kinaheshimiwa, wanafunzi walikuwa wanakisikia toka mbali wanatulia. "Umenivisha upya, Fundi," akasema.

Nimekula kidogo. Dada aliniongezea mboga kama mgonjwa.

Jumanne, 29 Oktoba

Wazee wawili wa kanisa wameleta viatu. Wanataka vilie.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua imemzidi sauti mhubiri. Wazee watatu wameingia wakilia kama jeshi la vyura. Matangazo dakika thelathini na nne.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna kitu. Gundi haikauki na hali hii.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeandika sehemu ya matangazo leo hii hii, wakati yeye bado anasoma, nikiwa nimeficha daftari ndani ya kitabu cha nyimbo:

"Baada ya mahubiri, mgeni asidhani kwamba ibada imekwisha. Atasimama mtu mmoja anayeipenda sauti yake kuliko sisi tunavyoipenda. Mgeni asiogope. Msomaji akipotea mstari atarudi mwanzo, na mgeni arudi naye, kwani ndiyo maana ya upendo. Aliyeacha chungu motoni ahesabu kimeungua. Wapo waliokuja na watoto wachanga wakaondoka nao wakitembea."

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Nimekisoma mara nne njiani, chini ya mwavuli wa Dada. Mchungaji amesema karatasi ikikamilika itasomwa kwanza mbele ya kanisa lote kabla ya kugawiwa. Na kila kinachosomwa mbele ya kanisa lote, tangu Oktoba, kinasomwa na nani? Atajisoma mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ilianza asubuhi na haikuacha nafasi ya kupumua. Barabara imegeuka mto, dukani nilikuwa peke yangu na viatu vya watu. Mlango ukasukumwa, akaingia Mwalimu, amelowa mpaka miwani. Hakuwa na kazi ya kunipa. Alikuwa anajisitiri tu.

Nikamwamkia, nikampa kigoda cha wateja. Akakaa. Nikaendelea kugonga misumari. Alitazama sana rafu ya viatu, kama mtu anayeita mahudhurio. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Fundi, ile karatasi ulikuwa unaishikaje isitetemeke?"

Nikadhani ananikejeli. Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa magotini, na ilikuwa inatetemeka hata bila karatasi.

Akaeleza. Akisimama pale mbele mistari inakimbia. Herufi ni ndogo, miwani ni ya zamani, akipotea haoni pa kurudia isipokuwa juu kabisa, ndiyo maana anaanza upya. Kila Jumamosi anashika karatasi nyumbani anaikariri, lakini akiona nyuso zile inamtoka yote. Mkewe yuko kwa binti yao tangu mwaka jana, analea mjukuu. Nyumbani akisema neno, redio ndiyo inayomjibu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akiingia darasani watu arobaini wanasimama. Sasa anaingia kwake hata kuku hawampishi. Basi alipoona ile nafasi imepata doa, akaiomba.

Nilikuwa nimeshusha nyundo. Nakiri. Kuna kitu kilikuwa kinanijia, na kilikuwa kinafanana na huruma.

Akaniokoa mwenyewe. "Nilidhani ni kazi nyepesi," akasema. "Nilikuona wewe unaiweza."

Nikanyanyua nyundo.

Dawa naijua. Siku zote hizo, kila Jumamosi, nilikuwa nayaandika upya matangazo yote kwa herufi kubwa kama za ubaoni, mistari michache kila ukurasa, na mahali pa kupumua naweka nukta nyekundu. Ndiyo siri yote ya dakika saba. Karatasi moja, kalamu mbili. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja.

Nilimwambia mvua inapungua.

Ilikuwa haijapungua. Aliondoka hivyo hivyo, na kiatu kilikuwa hakilii tena, maji yameshaingia. Soli imeshika, lakini.

Ijumaa, 15 Novemba

Sikulala vizuri. Ni hali ya hewa.

Jumapili, 17 Novemba

Dakika arobaini kasoro moja. Mtoto wa muuza mkaa aliuliza kwa sauti, babu atamaliza lini, na mama yake hakumpiga. Mwalimu alisikia. Niliona sikio lake.

Nimefungua daftari kwenye ile aya ya matangazo, nimeshika kalamu ya kufutia. Nikakumbuka tai yangu na kile kicheko. Nimefuta koma moja tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Dada kaipata ile aya. Aliisoma akiwa amesimama, kijiko mkononi. Hakucheka puani wala popote. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mzee hana mtu."

Nikamwambia na mimi nilikuwa sina kitu kingine, nilikuwa na dakika saba tu.

Akarudi jikoni. Leo vifuniko vya sufuria vimeongea sana.

Jumapili, 24 Novemba

Nimempa Mchungaji karatasi, kamili. Aliisoma palepale kwenye ngazi. Akacheka kwa vumbi la benchi, akacheka kwa kengele, na alipofika kwenye matangazo akaacha kucheka akaanza kufikiri. Akakunja karatasi vizuri akasema itasomwa Jumapili ijayo, na baraza lisubiri mpaka isomwe.

Naenda kulala kama mtoto.

Jumamosi, 30 Novemba

Baraza limekaa kama lilivyopangwa, likathibitisha kila mtumishi isipokuwa msomaji wa matangazo. Limeahirisha hilo mpaka kesho. Kwa hiyo wameanza kusikia harufu.

Lakini mchana limenijia wazo baya. Kesho Mwalimu akipewa ile karatasi yenye herufi ndogo, atapotea. Atafika kwenye aya yangu bora, atarudi kwenye kengele. Utani unaosomwa mara tatu haumuumi mtu, na mimi nataka kila neno lifike lilikotumwa.

Basi nimekaa nikaandika karatasi yote upya. Herufi kama za ubaoni, mistari sita kila ukurasa. Nukta nyekundu pa kupumua. Nimeipeleka kwake kwa mkono wangu, nikamwambia asome hii, asisome ile. Akaifungua mlangoni, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Midomo ikaanza kutembea bila shida. Aliniangalia kwa muda mrefu akasema asante, akaniita kwa jina langu la utotoni, lile la darasa la tatu. Hakuna anayelijua siku hizi isipokuwa Dada.

Nimefanya hivyo kwa ajili ya kisasi. Naandika hapa ili isije ikasemwa vingine.

Jumapili, 1 Desemba

Nilivaa tai. Dada alinitazama.

Wimbo, sala, maungamo, soli zote mahali pake. Mahubiri yalikuwa juu ya ulimi, na sikuyasikiliza. Mwalimu akainuka. Hatua kumi na nne, kiatu kimya. Akaweka kurasa zangu mezani, akapumua kwenye nukta ya kwanza, akasoma.

Alisoma vizuri sana. Lazima niseme. Alisoma kama ambavyo mimi ningesoma, na sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Kwenye vumbi la benchi kanisa likacheka, hata Mama Kwaya alijisahau. Kwenye jina na kwaya wakacheka zaidi. Akangoja kicheko kiishe, akapumua, akaingia kwenye aya ya matangazo.

"Atasimama mtu mmoja anayeipenda sauti yake kuliko sisi tunavyoipenda."

Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Akaendelea. Kupotea mstari, chungu motoni, watoto wachanga wanaoondoka wakitembea. Kanisa lilikuwa linalia kwa kicheko, na Mwalimu alivua miwani akajifuta, kwa sababu na yeye alikuwa anacheka kuliko wote. Kisha nikaona anatazama wapi. Alikuwa ananitazama mimi. Kanisa zima lilikuwa limegeuka, shingo zote, linanitazama mimi.

Akaweka karatasi chini. "Ndugu zangu," akasema, "mtu anayeweza kujisema mwenyewe hivi, mbele ya watu wote, huyo ndiye msomi." Wakapiga makofi. Bwana harusi wa ile ndoa alisimama kabisa kunipigia.

Ningefanya nini? Niliinama.

Mchungaji akapanda. Akasema mwandishi amelifumbua macho baraza: mgeni anachoka, mtoto anachoka, chungu kinaungua. Kwa hiyo, bila kumlaumu msomaji wa zamani wala wa sasa, matangazo hayatasomwa tena. Kuanzia Jumapili ijayo yatabandikwa mlangoni, na kila mtu atajisomea. Kuhusu msomaji wa mwaka ujao, baraza halina haja ya kuchagua.

Niliangalia mbele. Mwalimu alikuwa bado amesimama pale, mkono juu ya kurasa zangu, na ule mkono ulikuwa umetulia tuli. Dakika sita. Nilikuwa nimehesabu. Hakuna aliyewahi kusoma kwa dakika sita pale, hata mimi. Aliteremka akapita benchi la wazee, akaja mpaka nyuma, akakaa pembeni yangu. Baada ya baraka akaniuliza kama ile ya mlangoni nayo itahitaji herufi kubwa. Nikamwambia itahitaji. Akasema basi aje Jumamosi dukani, ataleta kalamu nyekundu. Sikumkatalia. Na ile chaki nitamwekea kiatuni, maana kikikauka kitaanza tena.

Nyumbani Dada alipakua. Akaniwekea sahani akasema, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," halafu akaniambia pole.

Mlangoni karatasi za wageni ziliwekwa arobaini, kwenye kikapu, chini ya kitambaa cheupe. Jioni nilizihesabu. Zilikuwa arobaini.